Kuchagua Seva na Swichi Zilizotumika kwa Maabara ya Nyumbani Nchini Uganda

Anayetafuta seva iliyotumika kwa ajili ya maabara ya nyumbani kwa kawaida huuliza kwanza ina kori ngapi na kumbukumbu (RAM) kiasi gani, kisha anasikiliza bei. Ningemwomba aanzie kwenye mita ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Mashine hununuliwa mara moja, lakini umeme wake hulipiwa kwa muda wote inapokuwa imewashwa, na kwa seva ya zamani gharama hiyo inaweza kuipita bei ya dukani bila mwenyewe kutambua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha wati kwa saa 24, kisha kwa siku 30, halafu gawa kwa 1,000, utapata uniti za mwezi mmoja. Seva kama Dell PowerEdge R720 yenye prosesa mbili na diski kadhaa, hata ikiwa imetulia bila kazi kubwa, inaweza kutumia takriban wati 120, ambazo ni uniti 86.4 kwa mwezi. Tukichukua shilingi 750 kwa uniti kwa ajili ya mfano huu, hizo ni shilingi 64,800 kwa mwezi, au shilingi 777,600 kwa mwaka. Kompyuta ndogo ya ofisini ya aina ya Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, inayotumia kama wati 15 inapotulia, itakula uniti 10.8, sawa na shilingi 8,100 kwa mwezi. Kwa kuwa bei ya uniti za nyumbani hupangwa kwa ngazi, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18, njia rahisi ya kujua bei ya kwako ni kujumlisha pesa zote ulizonunulia Yaka mwezi uliopita na kuzigawa kwa uniti zote ulizopata.

Ukishaipata namba hiyo, jiulize unataka kujifunza nini. Kwa mtu anayejifunza Linux, mashine pepe kwa kutumia Proxmox, makontena, hifadhidata au tovuti, kompyuta ndogo ya ofisini inatosha kabisa. Tafuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kwa mfano Core i5-8500T yenye kori sita, ndani ya OptiPlex 7060 Micro, HP EliteDesk 800 G4 Mini au ThinkCentre M720q. Hii ya mwisho ina nafasi ya kadi ya ziada ndani yake, hivyo unaweza kuiongezea porti za mtandao na kuifanya ruta. Seva halisi ya kufungwa kwenye raki inahitajika pale ambapo unataka kumbukumbu nyingi kupita uwezo wa mashine ndogo, diski nyingi kwa pamoja, au pale ambapo unataka kujifunza seva zenyewe, yaani kadi za RAID zinazounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, pawa saplai mbili na usimamizi wa mbali kupitia iDRAC ya Dell au iLO ya HP. Kijana anayetaka kufanya kazi katika kituo cha data kama kile cha Raxio kilichopo Namanve ana sababu ya kweli ya kuishika mashine ya namna hiyo kwa mikono yake.

Mwenye uwezo wa kununua zote mbili afanye hivi: kompyuta ndogo iwe imewashwa wakati wote ikibeba huduma za kila siku, na seva kubwa iwashwe wakati wa mazoezi tu. Seva ya wati 120 ikiwashwa saa 20 kwa mwezi hutumia uniti 2.4. Kiasi hicho hakimuumizi mtu, na kwa kuwa iDRAC na iLO hubaki hai maadamu waya wa umeme umechomekwa, unaweza kuiwasha na kuizima seva kutoka kwenye kiti chako. Zenyewe nazo hula wati chache, kwa hiyo usipoitumia kwa muda mrefu ichomoe ukutani.

Kutambua umri wa mashine kwa jina lake

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba mashine "si ya zamani sana", lakini namba iliyoandikwa mbele haidanganyi. Kwa seva za Dell za raki zenye namba tatu, tarakimu ya katikati ndiyo inayotaja kizazi. R610 na R710 ni za kizazi cha 11, zilizotoka mwaka 2009. R620 na R720 ni za kizazi cha 12, za mwaka 2012. R630 na R730 ni za kizazi cha 13, za mwaka 2014. Na R640 na R740 ni za kizazi cha 14, za mwaka 2017. Kwa HP, DL360 na DL380 hubaki na jina lilelile na kizazi huandikwa pembeni: Gen8 inakwenda sambamba na R720, Gen9 na R730, Gen10 na R740. Kwenye mashine ya Dell kuna pia kibandiko chenye herufi na tarakimu saba kiitwacho Service Tag. Ukiziingiza kwenye tovuti ya msaada ya Dell utaona mashine ilisafirishwa lini na ilitoka kiwandani ikiwa na vifaa gani. Fanya hivyo kwa simu ukiwa bado umesimama dukani.

Umri una maana kwa sababu ya programu, si kwa sababu ya kasi tu. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka mwaka 2025, haikubali prosesa zilizo chini ya kiwango cha x86-64-v3, na kiwango hicho kwa seva za Intel kinaanzia kwenye Xeon E5-2600 v3. R720 hutumia v1 au v2, hivyo haiwezi kuiendesha, R730 inaweza. Proxmox na Debian bado hukubali prosesa za zamani, kwa hiyo R720 haijawa chuma chakavu, lakini anayejiandaa kwa mitihani ya Red Hat asiinunue. R710 na DL380 G7 ningeziacha kabisa hata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa zinakula umeme mwingi zikitoa kazi kidogo.

Kizazi pia ndicho kinachoamua aina ya kumbukumbu. R720 na Gen8 hutumia DDR3, na R730 na Gen9 hutumia DDR4, hazibadilishani. Ndani ya kila aina kuna RDIMM, LRDIMM na UDIMM, ambazo haziwezi kuchanganywa katika mashine moja. Ukinunua seva yenye kumbukumbu chache kwa nia ya kuongeza baadaye, piga picha ya kibandiko kilicho juu ya moduli moja ili fundi asikuuzie isiyolingana.

Kuna tofauti moja kati ya Dell na HP ambayo hujitokeza baada ya kununua. Femuwea, yaani programu za ndani za kifaa chenyewe, za seva za Dell hupakuliwa bure, lakini tangu mwaka 2014 HP imekuwa ikitaka mkataba wa huduma au dhamana iliyo hai ili kupata sehemu kubwa ya masasisho ya ProLiant. Kwa mtu wa nyumbani hiyo inatosha kuelemea upande wa Dell pale bei zinapokaribiana.

Mahali pa kununua

Mashine nyingi zilizotumika zinazouzwa katika maduka ya katikati ya Kampala zimetoka katika benki, mashirika na kampuni za simu zilizobadilisha vifaa vyao. Njia nyingine ni minada. Taasisi za umma huuza mali chakavu chini ya sheria inayosimamiwa na PPDA, mamlaka ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma, na matangazo yake hutoka katika magazeti kama New Vision na Daily Monitor. Mnadani vitu huuzwa jinsi vilivyo na mahali vilipo, mara nyingi diski zikiwa zimeondolewa na bila nafasi ya kuwasha mashine, kwa hiyo bei unayotaja iwe ile ambayo hutajuta hata nusu ya mzigo ikiwa mbovu.

Kuagiza kutoka nje kunahitaji tahadhari zaidi. Katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Kabla ya kumtumia mtu wa Dubai au Uingereza pesa, pata jibu la URA, mamlaka ya mapato, kwa maandishi kuhusu kifaa unachokitaka, na usitegemee maneno ya wakala wa mizigo. Kumbuka pia kwamba seva ya aina ya R720 ikiwa na diski zake ina uzito unaokaribia kilo 30, na mizigo ya ndege hulipiwa kwa kilo.

Popote utakaponunua, omba risiti yenye namba ya mashine. Kifaa kikiwa na kibandiko cha taasisi fulani, uliza karatasi inayoonyesha kwamba kiliuzwa kihalali. Muuzaji mwaminifu hakasiriki akiulizwa, na yule anayekasirika amekujibu.

Kuikagua seva kabla ya kulipa

Nenda na vifaa vyako: flashi moja yenye Memtest86+ ya kupima kumbukumbu, nyingine yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, kibodi ya USB, na waya wa VGA, kwa sababu seva nyingi za raki hazina HDMI. Nenda pia na muda. Seva ya namna hii huchukua dakika kadhaa kujikagua kabla ya kuonyesha chochote, na feni zake hunguruma kwa nguvu mwanzoni kisha hupungua. Zisipopungua baada ya mfumo kuwaka, uliza kwa nini.

Kabla ya kuiwasha, fungua kifuniko. Vumbi jekundu la murram lililotanda sawasawa si tatizo, hupulizwa likatoka; lililogandamana likawa kama udongo mkavu kwenye mapezi ya kupozea linaonyesha kwamba mashine iliishi karibu na barabara au kwenye chumba kilichovuja, na hapo tazama kutu kwenye skrubu na kwenye meno ya moduli za kumbukumbu. Hesabu feni zote, maana ikikosekana moja nyingine hukimbia kwa kasi ya juu muda wote. Hesabu pia trei za diski. Muuzaji hupenda kuonyesha seva ya nafasi nane ikiwa na trei mbili tu, nawe utahangaika mjini kutafuta sita zilizobaki.

Ukiiwasha, tazama taa. Kwenye R720 na R730 zenye kidirisha cha mbele, rangi ya buluu ni ya uzima na rangi ya kaharabu inatangaza hitilafu. Kisha ingia kwenye mipangilio na usome kumbukumbu za matukio: Dell huiita System Event Log, HP huiita Integrated Management Log. Hapo mashine inaeleza historia yake, ikiwa ni pamoja na makosa ya kumbukumbu na pawa saplai zilizowahi kushindwa. Tarehe zikisoma mwaka wa mbali uliopita, huenda ni betri ndogo ya CR2032 iliyokwisha, jambo ambalo hutatuliwa kwa dakika moja. Orodha ya matukio iliyo tupu kabisa kwenye mashine ya miaka kumi ina maana kwamba mtu ameifuta. Si lazima awe na nia mbaya, lakini jaribio la Memtest linakuwa la lazima zaidi.

Jaribio ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni la pawa saplai. Mashine ikiwa inafanya kazi, chomoa waya wa pawa saplai ya kwanza. Inapaswa kuendelea bila kutetereka. Rudisha, subiri taa yake iwe sawa, kisha chomoa ya pili. Baada ya hapo ingia kwenye iDRAC au iLO usome wati inazotumia kwa wakati huo, kisha uikamue prosesa kwa stress-ng kwa dakika 20 ukitazama joto na usome wati tena. Namba hizo mbili ndizo utakazoingiza katika hesabu ya Yaka, badala ya makadirio niliyotoa mimi hapo juu. Hakikisha pia kwamba unapewa nenosiri la iDRAC au unairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani mbele ya muuzaji. Kwa mashine za Dell za kabla ya kizazi cha 14 nenosiri la kiwandani ni calvin kwa mtumiaji root. Kwa kompyuta ndogo, ingia kwenye BIOS kabisa ndipo ulipe, kwa kuwa nenosiri lililoachwa na ofisi ya zamani linaweza kukusumbua kuliko kwenye seva.

Diski zilizokuja na mashine zihesabu kuwa za mazoezi, si za kuhifadhia picha za familia. Amri ya smartctl -a itakuonyesha saa zilizotumika, na mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu. Kinachotisha zaidi kuliko saa ni sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa zaidi ya sifuri na zikiongezeka, irudishe. Diski zikiwa nyuma ya PERC, yaani kadi ya RAID ya Dell, ongeza -d megaraid,0 katika amri hiyo na ubadilishe namba ya mwisho kwa kila diski. Anayetaka kutumia mifumo ya kuhifadhi data kama ZFS au TrueNAS achunguze kadi yenyewe pia: PERC H730 ina hali ya HBA inayoipa programu diski moja kwa moja, H310 nayo hupitisha diski bila RAID, lakini H710 haifanyi hivyo mpaka ibadilishwe femuwea, kazi ambayo simshauri anayeanza aifanye.

Usisahau kupima urefu. Kabati za ukutani zinazouzwa kwa ajili ya kamera za CCTV mara nyingi zina kina cha sentimita 45 au 60, ilhali seva ya raki hufika sentimita 70 na zaidi. Kwa anayepanga chumba na sebule, seva ya mnara kama Dell T330 au HP ML350 hukaa vizuri chini ya meza na kelele zake zinavumilika. Seva za uniti moja ya raki, kama R620, zina feni ndogo zinazopiga filimbi. Usiilaze moja ya hizo kwenye chumba unacholala.

Swichi

Kwenye swichi makosa ni mengi zaidi kuliko kwenye seva, kwa sababu swichi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa kila kitu kilichomo. Cisco Catalyst 2960-24TT ina porti 24 za megabiti 100 na mbili tu za gigabiti. Kwa mazoezi ya CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, hiyo inatosha, lakini ukiiunganisha na hifadhi yako ya diski utahamisha, hata mambo yakienda vizuri, megabaiti 12.5 kwa sekunde. Gigabaiti 100 zitachukua zaidi ya saa mbili, ilhali kwenye 2960G, 2960S au 2960X zingechukua kama robo saa. Soma namba yote ya modeli, si tarakimu nne za mbele tu. Familia ya 2960 kwa kawaida ni ya tabaka la pili; anayetaka kufanya mazoezi ya kuelekeza pakiti kati ya mitandao kwa OSPF atafute 3560 au 3750, na aulize ina toleo gani la programu.

Kwenye maduka yetu hupatikana pia swichi zilizotoka kwenye minara na vituo vya kampuni za simu, na hapo kuna mtego wa umeme. Cisco ME-3400-24TS-A hutumia umeme wa kawaida wa ukutani, lakini ME-3400-24TS-D, inayofanana nayo sana, inataka umeme wa moja kwa moja wa volti 48. Tazama mahali umeme unapoingilia: badala ya tundu la waya wa umeme utaona skrubu za kufungia nyaya. Hata ile ya A ina tabia yake, kwani porti zake za kawaida hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe mpaka uzibadilishe aina, na anayeanza anaweza kudhani ni mbovu.

Swichi za Meraki ziache, hata ziwe mpya kiasi gani. Bila leseni hai hazifanyi kazi inavyopasa, na kama mmiliki wa zamani hajaiondoa kwenye akaunti yake, hutaweza kuisajili. Sina neno laini la kulitumia hapa: usiinunue.

Kwa upande wa MikroTik hali ni nafuu. Watoa huduma wengi wadogo wa intaneti nchini huzitumia, mafundi wanazifahamu, na RouterOS hupakuliwa bure bila mkataba. Kwa Cisco, programu ya IOS hupatikana rasmi kwa wenye mkataba, kwa hiyo toleo lililomo ndani ya swichi siku unayoinunua ndilo utakalokaa nalo. Hilo linafanya amri ya show version kuwa muhimu kuliko rangi ya kasha. Tafuta neno k9 kwenye jina la faili, kama c2960-lanbasek9-mz. Ikiwa ni c2960-lanbase-mz bila k9, swichi hiyo haina SSH, njia salama ya kuingia ukiwa mbali, na utaisimamia kwa Telnet au kwa konsoli tu.

Ili kuona hayo unahitaji waya wa konsoli wenye USB upande mmoja na RJ45 upande wa pili, pamoja na programu kama PuTTY iliyowekwa kwenye kasi ya 9600. Mara nyingi swichi itakuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui. Kwenye 2960 hilo halizuii ununuzi. Zima umeme, bonyeza kitufe cha Mode kilicho mbele, rudisha umeme huku bado umekishikilia, na ukiachie baada ya sekunde chache, pale mkao wa taa ya SYST utakapobadilika. Utafika kwenye alama ya switch:, ambapo unaandika flash_init, kisha rename flash:config.text flash:config.old, kisha boot. Swichi itawaka ikiwa haina mipangilio ya zamani. Muuzaji akikukatalia kufanya hivyo dukani, afanye yeye mbele yako.

Sasa jaribu porti zote, moja baada ya nyingine, kwa laptopu na waya mmoja unaouamini. Eneo la Ziwa Viktoria lina radi nyingi, na swichi iliyowahi kuunganishwa na kamera ya nje au antena ya paa huweza kuonekana nzima huku porti mbili au tatu zikiwa zimekufa, mara nyingi zikiwa zinafuatana. Kila unapochomeka, tazama show interfaces status: porti nzima itaandika connected na kasi iliyo sahihi, na porti iliyojeruhiwa inaweza kubaki notconnect, au kushuka hadi megabiti 100 kwenye swichi ya gigabiti, dalili kwamba baadhi ya jozi za nyaya hazipiti. Porti moja mbovu kati ya 24 ni sababu ya kupunguziwa bei. Kundi zima la porti zilizokufa ni sababu ya kuiacha, kwa kuwa mshtuko uliofika huko haujulikani uliishia wapi.

Amri ya show env all itakuonyesha feni na joto. Swichi yenye PoE, ile inayopeleka umeme kwa kamera na simu kupitia waya wa mtandao, huwa na herufi P katika modeli, kama 2960X-24PS-L yenye bajeti ya wati 370. Usiilipie zaidi kama huna kifaa cha kuitumia, kwa kuwa pawa saplai yake ni kubwa na feni zake zina kelele. Ukiihitaji, nenda na kamera au simu ya PoE ukaijaribu kwenye porti, maana porti inaweza kupitisha data vizuri huku ikiwa imepoteza uwezo wa kutoa umeme. Kwa chumba kidogo ningechagua swichi isiyo na feni kabisa, kama Cisco 3560-CX ya porti nane.

Ukifika nyumbani

Usiichomeke swichi iliyotumika kwenye mtandao unaofanya kazi kabla ya kuifuta. Andika write erase, kisha delete flash:vlan.dat na delete flash:config.old, halafu uiwashe upya. Faili ya vlan.dat hubeba orodha ya VLAN, yaani mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi, pamoja na namba ya marekebisho ya VTP, itifaki ya Cisco ya kusambaza orodha hiyo kati ya swichi, na swichi mgeni yenye jina la VTP linalofanana na la kwako na namba kubwa zaidi inaweza kuzifuta VLAN zote ulizokwisha panga. Ukishindwa kuingia kwa SSH kutoka kwenye Linux ya kisasa, si lazima iwe ni kosa lako: swichi za zamani hutumia njia za usimbaji ambazo OpenSSH imeziacha, na utahitaji kuongeza -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 katika amri. Kwa sababu hiyohiyo, usimamizi wake uuweke kwenye VLAN ya peke yake isiyofikiwa kutoka intaneti.

Diski zilizokuja na seva nazo zifute zote kwa nwipe kabla ya kuzitumia, bila kuchungulia kilichomo. Zikitoka kwenye taasisi zinaweza kuwa na taarifa za watu, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Kwa upande wa umeme, nunua UPS kabla ya kununua kumbukumbu za ziada. Jumlisha wati za seva na swichi ulizopima, uchukue UPS yenye uwezo wa wati, si wa VA, unaozidi jumla hiyo kwa nafasi ya kutosha, na uiunganishe na seva kwa USB ili programu ya NUT iizime kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. UPS iliyotumika ni sawa kuinunua ukihesabu betri mpya ndani ya bei. Kwenye BIOS ya Dell kuna sehemu ya AC Power Recovery Delay. Iweke kwenye User Defined, kati ya sekunde 60 na 240, ili umeme unaporudi ukiwa bado unapanda na kushuka, seva isubiri utulie. Fundi umeme akiwa nyumbani kwa kazi nyingine yoyote, mwombe apime kama soketi unayotumia ina waya wa ardhi uliounganishwa kweli, na waya wowote wa mtandao unaotoka nje ya nyumba usiingie moja kwa moja kwenye swichi yako mpaka upitie kwenye kizuia radi kilichofungwa kwenye ardhi hiyo.